Kuvuka na Kuvushana: Unene wa Rangi na Mwendo wa Kundi katika Picha za Luo Zhongli

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuikata kazi ya sanaa vipande viwili, fani upande huu na maudhui upande ule, kisha kuvishughulikia kimoja baada ya kingine kama mtu anayetenganisha mchele na pumba. Mgawanyo huo una faida zake, hasa darasani, ambapo mwanafunzi huhitaji mahali pa kuanzia. Taabu yake ni kwamba humzoesha mwanafunzi huyo kuamini kuwa maudhui yalikuwapo kwanza, yakiwa yamekamilika, na kwamba fani ilikuja baadaye kuyavika nguo. Zipo kazi zisizoukubali utaratibu huo. Miongoni mwake ni picha za rangi za mafuta za Mchina Luo Zhongli zinazoonyesha wakulima wakivuka mto kwa pamoja. Katika picha hizo rangi imelundikwa na kukwaruzwa hata uso wa turubai umekuwa kama shamba lililolimwa. Na mtu akiuliza ni jambo gani linalosimuliwa pale, hawezi kujibiwa bila ya kutajiwa ulimaji huo.

Luo alizaliwa mwaka 1948 katika eneo la Chongqing, kusini-magharibi mwa Uchina, akasoma katika shule ya sekondari iliyoambatana na Chuo cha Sanaa cha Sichuan. Mwaka 1968, Mapinduzi ya Utamaduni yakiwa yamekwisha kuvuruga masomo nchini kote, alikwenda katika milima ya Daba, na huko alikaa takriban miaka 10, akifanya kazi katika kiwanda cha chuma. Alichora pia vitabu vidogo vya hadithi za picha, kazi ambayo wachoraji wengi wa rika lake waliipitia, na ambayo humfundisha mtu kufikiri kwa mfuatano wa vitendo. Mitihani ya kuingia vyuo vikuu iliporudishwa mwishoni mwa mwaka 1977, alijiunga na chuo kilekile cha Sichuan, umri wake ukikaribia miaka 30. Milima ya Daba haikumtoka tena. Karibu kila alichokichora baadaye kimetoka huko: miteremko, mvua, nguruwe, wazee, wanawake wenye migongo mipana, na vijito visivyo na daraja.

Kazi iliyompa jina ni "Baba", ya mwaka 1980. Ndani yake hamna mwendo wowote. Uso mmoja wa mkulima mzee umelijaza turubai lenye urefu wa zaidi ya mita 2. Kichwani ana kitambaa cheupe, mikononi ana bakuli, vidole vimepasuka, jasho linamtiririka. Ukubwa wa namna ile ulikuwa umezoeleka kwa sura ya Mwenyekiti Mao, na kumpa mkulima asiye na jina nafasi hiyo kulikuwa ni kauli nzito hata kabla ya mtazamaji kuangalia kilichochorwa. Luo alikuwa amezisoma katika jarida habari za Mmarekani Chuck Close, aliyechora nyuso kubwa mno kwa kufuata picha za kamera, naye akautwaa ukubwa huo na kuupeleka Daba. Picha ilipata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya pili ya kitaifa ya wasanii vijana, ikatolewa jaladani katika jarida la Meishu mwezi Januari 1981, na sasa imehifadhiwa katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Beijing. Mwaka huohuo wa 1981 yalizuka mabishano: wako waliosema kwamba inamdhalilisha mkulima wa nchi ya kisoshalisti, na wako walioitetea. Nyuma ya sikio la mzee kuna kalamu ya wino, iliyotiwa baada ya ushauri ili aonekane kuwa ni mkulima wa zama mpya. Hiyo kalamu ndiyo sehemu pekee ya picha ambapo fani na maudhui vimetengana kweli kweli: iliwekwa ili iseme jambo, na inaonekana wazi kwamba iliwekwa.

Lililo muhimu kwa mada hii ni ngozi ya mzee. Katika "Baba" ngozi imekwisha kuwa ardhi, yenye mifereji na nyufa, ila mtu mwenyewe amesimama tuli tena yu peke yake. Kuisambaza ngozi ile kwa watu wengi na kuwafanya watembee lilikuwa ni suala jingine, na Luo alihitaji miaka mingi kulitatua.

Kundi la watu si jambo geni katika uchoraji wa Kichina wa karne ya 20. Baada ya mwaka 1949 dola lilihitaji picha za halaiki, na mfano wake mashuhuri ni picha ya Dong Xiwen ya mwaka 1953 juu ya sherehe ya kuasisiwa kwa Jamhuri ya Watu. Mchoraji wa Kisovieti Konstantin Maksimov alifundisha Beijing kuanzia 1955 hadi 1957, na ufundi wake wa kupanga watu wengi turubaini uliwafikia wanafunzi wa vizazi vilivyofuata. Kisha Mapinduzi ya Utamaduni yakaweka sharti lake: picha iwe nyekundu, iwe ang'avu, imeremete. Alama ya brashi ikafichwa. Kundi katika picha hizo linakwenda, lakini mwendo wake ni wa gwaride: miguu imeinuliwa, vifua vimetokezwa, macho yote yameelekezwa kwenye nuru moja. Mwendo umeandikwa kwa viungo vya mwili tu, ilhali rangi yenyewe imelala kama maji ya mtungi.

Wanafunzi wa Sichuan wa kundi la 1977 ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuivunja kanuni hiyo. Cheng Conglin, mwanafunzi mwenzake Luo, alichora mwaka 1979 picha kubwa ya siku moja ya theluji ya mwaka 1968, yenye umati wa vijana baada ya mapigano baina ya makundi ya Walinzi Wekundu. Hapo umati haukwendi mbele; umesambaratika, wengine wameshinda na wengine wametekwa, na theluji imechafuka. Mkondo huo wa uchoraji uliitwa sanaa ya makovu, kwa kufuata hadithi fupi ya Lu Xinhua iliyotoka mwaka 1978. Jina hilo linafaa kuliko pengine walivyokusudia waliolitoa. Kovu ni habari ya jeraha iliyoandikwa kwa ngozi ileile iliyojeruhiwa. Hakuna awezaye kuichukua habari akaiacha ngozi.

Katikati ya miaka ya 1980 Luo alikwenda Ubelgiji kusoma katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Anvers, akarudi Uchina mwaka 1986. (Anvers hauhitaji kutambulishwa kwa wasomaji wa Katanga: shaba ya huku ilisafishwa kwa miaka mingi Hoboken, kandokando ya mji huo.) Wahakiki wengi hupenda kutafuta huko Flanders chanzo cha mabadiliko yake, na mtu anayezijua picha za Constant Permeke, wakulima wake wazito wa rangi ya udongo, hushawishika kirahisi. Hata hivyo kulinganisha kunakozaa zaidi ni kule kwa Pieter Bruegel, ambaye alikuwa mwanachama wa chama cha wachoraji cha Anvers tangu mwaka 1551. Katika picha yake ya 1568 ya vipofu, iliyoko Napoli, watu sita wanafuatana wakiwa wameshikana kwa fimbo na kwa mabega. Wa kwanza amekwisha kuanguka mtaroni, wa pili anaanguka, wa tatu anavutwa, na wale wa nyuma bado hawajajua. Bruegel amelivunja tendo moja katika hatua sita na kumpa kila mtu hatua yake. Rangi ni nyembamba, imepakwa kwa utulivu, na mwendo wote umo katika mpangilio wa mikao. Ni mwendo wa hadithi: una mwanzo, kati na mwisho, na mtazamaji huusoma kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Luo naye ana watu walioshikana, nao wamo hatarini, nao wanaingia mahali penye maji. Lakini hakuna awezaye kumsoma mtu wa kwanza kisha wa pili. Wote wanavuka kwa mara moja.

Yafaa kuangalia kwa makini jinsi jambo hilo linavyotendeka. Katika picha za kuvuka mto, ambazo Luo alizirudia kwa miaka mingi baada ya kurejea, watu ni wafupi, wamenenepeshwa, viganja na nyayo ni vikubwa kupita kiasi. Mara hushikana mikono na kufanya mnyororo katika maji. Mara mwanamume humbeba mwanamke mgongoni. Mara mtoto au mnyama huongezwa juu ya mzigo. Kwa mchoro wa penseli peke yake watu hao wangeonekana kama vinyago vya kuchekesha. Kinachowapa uzito ni mistari ya rangi. Luo haipaki rangi ili kujaza umbo. Huiweka kwa mistari mifupi, minene, inayokwenda sambamba, rangi juu ya rangi, hata mistari ya chini ikachungulia katikati ya ile ya juu. Mistari hiyo huufuata mgongo ulioinama, ikashuka kwenye mkono, ikavuka kiganja na kuingia katika mkono wa mtu wa pili bila kukatika. Kisha ikateremka pajani na kuendelea ndani ya maji kwa mwelekeo uleule. Mtu anaishia wapi na mto unaanzia wapi? Kwa jicho lililo mbali mpaka upo, kwa sababu rangi zinatofautiana. Kwa jicho lililo karibu mpaka haupo, kwa kuwa mkwaruzo ni ule ule.

Kwa wanafunzi wa isimu kuna njia fupi ya kulieleza jambo hili. Katika sentensi ya Kiswahili kiambishi cha ngeli hutoka katika nomino kikapita kwenye kivumishi, kikapita kwenye kionyeshi, kikafika kwenye kitenzi, na ndicho kinachomjulisha msikilizaji kwamba maneno yale yote, hata yakiwa mbalimbali kwa maana, ni ya kundi moja. Hakuna neno ndani ya sentensi linalosema "haya ni mamoja". Upatanisho ndio unaosema. Mstari wa brashi wa Luo hufanya kazi kama hiyo. Watu wake hawatazamani, hawana mavazi ya sare, hawana bendera wala nuru ya kuielekea. Walivyo wamoja kunasomeka katika alama iliyorudiwa juu ya kila mmoja wao, juu ya mzigo wao na juu ya maji yanayowapinga.

Na maji ndiyo yanayoifanya alama hiyo kuwa mwendo, isiwe pambo. Nguo iliyofumwa nayo ina mistari sambamba, lakini haiendi popote. Katika picha zilizo bora za mfululizo huu mistari ya miili huelekea upande mmoja na mistari ya mkondo huikata kwa mshazari, na pale zinapokutana rangi imekuwa nene zaidi, kana kwamba mchoraji mwenyewe alikumbana na kizuizi. Mtazamaji huuona uzito wa maji kabla ya kuuona mto. Hapo ndipo unene wa rangi unapoacha kuwa sifa ya mtindo ukawa tukio: watu hawa wanasukuma kitu, na kitu hicho kinawasukuma.

Suala la jina la picha nalo lina mafunzo yake. Kwa Kichina ni maneno mawili, guo he, "vuka mto"; kitenzi hakibebi nafsi wala wakati wala idadi. Mfasiri wa Kiswahili hana uhuru huo, hulazimika kuchagua. Akisema "Kuvuka Mto" ametoa tendo la mtu yeyote, hata la mtu mmoja mwenye mtumbwi wake. Lakini Kiswahili kina pia kuvusha, na kutokana nacho kina kuvushana, ambamo kila mtendaji ni mtendwa kwa wakati huohuo. Hicho ndicho kilichomo turubaini. Mwanamume aliyembeba mwanamke mgongoni ameegemea bega la aliye mbele yake. Aliye mbele amevutwa nyuma na uzito ule, na kwa kuvutwa huko hapeperushwi na mkondo. Ukimwondoa mmoja hakuna atakayefika. Picha inayostahili kuitwa "Kuvushana" haiwezi kuchorwa kwa rangi laini yenye mipaka safi, maana mpaka safi ungemrudishia kila mtu tendo lake peke yake.

Mtazamaji wa Kichina husikia jambo jingine tena katika jina hilo. Kuvuka mto kwa kupapasa mawe ni msemo ambao Chen Yun aliutumia mwishoni mwa mwaka 1980 kuhusu mageuzi ya uchumi, na ambao baadaye ulifungamanishwa na siasa ya Deng Xiaoping yote: twende polepole, mguu ukitafuta jiwe kabla ya kukanyaga. Haiyumkiniki msanii wa rika la Luo achore watu wakipapasa mtoni pasipo msemo huo kupita akilini mwa wanaotazama. Ila msemo wa viongozi hausemi ni nani mwenye miguu iliyo majini. Luo anasema, na miguu anayoionyesha ni ya Daba.

Pamoja na hayo, kuna neno la kulaumu, nalo halihusu ufundi. Tangu miaka ya 1980 wakulima wa Uchina walikuwa katika mwendo mkubwa kuliko kuvuka kijito. Walipanda magari moshi wakaenda mijini na viwandani. Kufikia mwaka 2019 takwimu za serikali zilihesabu wafanyakazi wa asili ya vijijini zaidi ya milioni 290. Sichuan na Chongqing zilitoa wengi. Luo, ambaye mwaka 1998 alifanywa mkuu wa chuo chake na kukiongoza hadi 2015, alikuwa akiishi katika mji uliokuwa ukiwapokea na kuwasafirisha watu hao kila siku, na bado aliendelea kuchora vijito na nguruwe. Hata mto wenyewe ulikuwa umebadilika: Bwawa la Mabonde Matatu liliwahamisha watu zaidi ya milioni moja, walio wengi katika eneo la Chongqing.

Mchoraji Liu Xiaodong, mdogo wake kwa miaka 15, alikwenda kuwachora waliohamishwa. Picha yake ya mwaka 2004 juu ya wahamishwa wapya wa Mabonde Matatu ina upana wa mita 10. Watu ni wengi, wamechorwa kwa brashi pana na ya haraka, na kila mmoja ana uso wake. Mtu aliyewahi kukutana nao angewatambua. Lakini hawaendi pamoja. Kila mmoja amesimama katika rangi yake, akingoja chake, na mto uko nyuma yao kama pazia. Nani amesema kweli juu ya kundi la watu katika Uchina wa miaka hiyo? Kwa ushahidi, Liu. Nyuso za Luo hazina majina wala tarehe, na mhakiki aliyezoea kudai kwamba sanaa iakisi hali halisi ya jamii atamhukumu kuwa amejificha katika kumbukumbu za ujana.

Hukumu hiyo ina haki ya nusu tu. Alichokihifadhi Luo ni umbo la jambo ambalo uhamaji ule ulilivunja, yaani mwili wa pamoja, na hakulihifadhi kwa kulieleza bali kwa kulifanya liwepo katika unene wa rangi. Kosa lake liko kwingine. Katika baadhi ya picha za baadaye rangi zimechangamka, nyekundu na kijani na samawati zinapishana kwa furaha, mistari imekuwa huru, na miili inajipinda kama inayocheza ngoma. Ni picha nzuri za kutundikwa ukutani. Lakini mistari ya maji haipingani tena na mistari ya watu. Yote inaserereka upande mmoja, na mtu anajiuliza kwa nini wameshikana kwa nguvu namna ile ilhali hakuna kinachowavuta. Hapo rangi nzito imebaki, uzito umekwenda. Wale wanaoendelea kuiita rangi hiyo "fani" na kuisifu kwa usugu wake hawawezi kuiona tofauti, kwa sababu kwa macho yao mchoraji anatumia mbinu ileile.

Kuna kikwazo kimoja cha kawaida kwa yeyote anayetaka kuzisoma picha hizi mbali na Chongqing na Beijing. Katika kitabu, karatasi ni bapa. Picha za kamera za kazi za sanaa hupigwa kwa taa mbili zilizowekwa kulia na kushoto, ambazo hufuta kivuli cha kila mwinuko, na mistari ya Luo, ambayo turubaini ina kina kinachoweza kupapaswa, hugeuka kuwa mistari ya penseli za rangi. Mwanafunzi anayeziona hivyo huona wakulima, mto na nguruwe, na kwa haki kabisa huandika katika daftari lake kwamba maudhui ni maisha ya vijijini. Mahali taa ilipowekwa upande mmoja tu, kama inavyofanyika mara chache katika picha za sehemu ndogo ya turubai, kivuli hurudi: kiganja kimoja kimeshika kingine, na kati ya viganja viwili rangi imefanya ukuta mdogo.